Muhogo Hautaki Haraka



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia chakula ambacho hakikosi shambani kwa Mmwera, Mmakonde, Mmakua wala Myao, yaani muhogo. Hapa Nyangamara, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Mkoa wa Lindi hadi Kilwa, mahindi yakikauka kwa jua, na mtama ukimalizwa na ndege, muhogo ndio unaobaki. Ni akiba iliyofichwa ardhini, na unaweza kungojea hata mwaka wa pili ukiwa shambani. Tumshukuru Mungu kwa zawadi hiyo.

Lakini chakula hicho hicho, kikiandaliwa kwa haraka, kimewahi kuua watu na kuwalemaza watoto katika mikoa jirani na yetu. Maoni yangu ni haya: elimu ya bibi zetu juu ya muhogo mchungu ni elimu ya kweli, na utafiti wa kisayansi umetuonyesha sababu zake moja baada ya nyingine. Kinachotuangusha ni njaa, inayomlazimisha mama kupunguza siku za kungoja. Kwa hiyo kumkinga mtoto na sumu ya muhogo si kazi ya mama peke yake aliye jikoni. Ni kazi ya familia nzima na ya jumuiya nzima.

UCHUNGU UNATOKA WAPI?

Kila mkulima anajua kwamba kuna muhogo mtamu na muhogo mchungu. Mtamu tunauchemsha, tunauchoma, na watoto huutafuna mbichi njiani watokapo shule. Mchungu hauliwi hivyo. Pamoja na hayo watu wanaendelea kuupanda, tena kwa sababu nzuri: nguruwe mwitu na nyani huuogopa, mwizi hawezi kuung'oa usiku na kuutafuna hapo hapo, na huzaa vizuri katika ardhi iliyochoka.

Wataalamu walipouchunguza muhogo walikuta ndani yake kitu kiitwacho linamarini. Linamarini yenyewe imetulia tu ndani ya chembe ndogo ndogo za muhogo. Kando yake, katika kuta za chembe hizo, kuna kimeng'enya, yaani kitu kinachochochea mabadiliko. Muhogo ukiwa mzima viwili hivi havikutani. Mnyama akiutafuna, au mama akiutwanga, kuta zinavunjika, vinakutana, na linamarini inavunjwa hadi kutoa sumu kali iitwayo sayanaidi. Hiyo ndiyo silaha ya mmea huu dhidi ya walaji wake.

Sasa hapa kuna jambo la kumshukuru Muumba. Sayanaidi hiyo hugeuka kuwa hewa kwenye joto la nyuzi 26 hivi, ambalo ni joto la kawaida katika pwani yetu. Maana yake ni kwamba sumu ikishatoka ndani ya linamarini, na ikipewa nafasi na muda, hupeperuka yenyewe na kuondoka. Hatari iko kwa ile sumu ambayo haijapata nafasi ya kutoka.

Yafaa tujue pia kwamba muhogo hauna uchungu uleule kila mwaka. Mvua zikikosekana, mmea hujaza linamarini nyingi zaidi katika mizizi yake. Shamba lile lile, mbegu ile ile, lakini mwaka wa ukame sumu huongezeka. Hivyo muhogo unakuwa mkali zaidi wakati ule ule ambapo watu hawana chakula kingine. Katika jambo hilo ndipo msiba huanzia.

KWA NINI BIBI ALINGOJA

Tuzitazame sasa njia za wazee wetu, tuone sayansi inasemaje.

Kwanza, kumenya. Katika muhogo mtamu, sehemu kubwa ya sumu imo ndani ya ganda. Kumenya vizuri kunaondoa sehemu hiyo.

Pili, kulowesha kwa siku tatu hadi tano mpaka muhogo ulainike. Maji na uchachu hulainisha chembe na kuzivunja, kimeng'enya kinaikuta linamarini, na sumu inatoka pamoja na maji na hewa. Njia hii ikifuatwa sawasawa huondoa zaidi ya asilimia 90 ya sumu.

Tatu, kuvundika, yaani kuurundika muhogo na kuufunika mpaka uote ukungu, kisha kuukwangua na kuuanika. Ukungu huo unalainisha muhogo, na chembe zinavunjika. Vipimo vimeonyesha kwamba baada ya kuvundika hubaki kama sehemu moja kati ya sita mpaka moja kati ya nane ya sumu ya mwanzo.

Nne, kumenya na kuanika tu, ili kupata makopa. Hapa lazima tuwe waangalifu. Jua hukausha muhogo kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi yake, kwa kuwa hakiwezi kufanya kazi pakavu. Kwa hiyo kuanika peke yake huacha robo hadi theluthi ya sumu ndani ya makopa. Kwa muhogo mtamu si neno. Kwa muhogo mchungu wa mwaka wa ukame, robo hiyo yaweza kuwa nyingi mno.

Na kuchemsha je? Watu wengi hudhani kwamba moto huua kila kitu. Kwa muhogo mchungu dhana hiyo ni ya hatari. Maji yanayochemka hukiua kile kimeng'enya upesi, lakini linamarini yenyewe haiharibiwi na moto wa jikoni. Sehemu huingia katika maji, na sehemu kubwa hubaki ndani ya muhogo. Ikifika tumboni, vijidudu vinavyoishi katika utumbo vinaweza kuimalizia kazi na kuitoa sumu humo humo. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021 kuhusu watu wa Kahemba, nchini Kongo, uliwachunguza vijidudu hao wa tumboni na kuona kwamba wanaweza kuwa na sehemu yao katika ugonjwa huu. Basi tusidanganyike: muhogo mchungu haufanywi salama kwa kuchemshwa.

Hata kisamvu tunachokitwanga kinuni kabla ya kukipika kina somo lile lile. Majani ya muhogo yana sumu nyingi. Kutwanga ndiko kunakoitoa, na kuchemsha baadaye kunaifukuza. Anayeshindilia majani mazima sufuriani bila kuyatwanga anaruka hatua iliyo ya maana kuliko zote.

HARAKA ILIPOLETA MSIBA

Mwaka 1981, katika mkoa wa Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, kwa ndugu zetu Wamakua, kulikuwa na ukame mkali. Watu walikuwa wanakula karibu muhogo mchungu mtupu. Ghafla watu zaidi ya 1,000, wengi wao watoto na akina mama, walilemaa miguu. Wenyeji waliuita ugonjwa huo mantakassa. Daktari mmoja Mswidi, Hans Rosling, aliyekuwa akifanya kazi huko Nacala, alikuwa miongoni mwa waliochunguza chanzo chake. Ikaonekana kwamba ugonjwa huo ulikwenda pamoja na ulaji wa muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha, kwa watu waliokosa vyakula vya kujenga mwili.

Ugonjwa huo ulikuwa umekwisha andikwa na Trolli mwaka 1938 huko Kwango, nchini Kongo. Wayaka wa huko waliuita konzo, jina lenye maana ya miguu iliyofungwa. Jina hilo ndilo linalotumika sasa duniani kote.

Nchini mwetu Tanzania konzo ilionekana wilayani Tarime katika ukame wa mwaka 1985. Mwaka 1988 wilayani Masasi, jirani zetu kabisa, watu walipata sumu kali kutokana na ugali wa muhogo. Bwana Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, Dar es Salaam, pamoja na wenzake, walilichunguza jambo hilo. Walikuta kwamba kwa sababu ya njaa watu walikuwa wakitumia njia ya mkato iitwayo chinyanya: mihogo mibichi hutwangwa, huanikwa kidogo, hutwangwa tena na kuanikwa tena, na unga ukapatikana kwa muda mfupi sana. Kutwanga kwenyewe si kosa, maana kunavunja chembe. Kosa ni kutoipa sumu muda wa kuondoka. Halafu kati ya miaka 2001 na 2003 konzo ilijitokeza tena mkoani Mtwara, na pia wilayani Mbinga mkoani Ruvuma.

Tazameni, ndugu wasomaji, jinsi mambo yalivyofuatana: ukame, njaa, unga wa haraka, kisha ulemavu. Hakuna aliyekuwa mjinga katika habari hii. Akina mama wa Masasi walijua kulowesha na kuvundika kama walivyofundishwa. Lakini mtoto anayelia kwa njaa leo hawezi kuambiwa angoje siku tano.

DALILI ZAKE

Sumu ya muhogo huja kwa sura mbili.

Ya kwanza ni ya ghafla. Saa chache baada ya kula, mtu huona kizunguzungu, kichwa kinauma, anatapika, tumbo linasokota, mwili unaishiwa nguvu, na moyo unakwenda mbio. Mara nyingi walioshiriki chakula kimoja huugua pamoja. Watoto ndio walio katika hatari kubwa zaidi, na waweza kufa. Usingoje mpaka asubuhi: mpeleke mgonjwa kituo cha afya au hospitali mara moja, na mchukue mabaki ya ugali au unga uliotumika, ili mganga ajue la kutibu.

Ya pili ni konzo yenyewe. Mtu mwenye afya, baada ya kula muhogo wenye sumu kwa majuma kadhaa, anaamka siku moja na kukuta miguu yote miwili imekakamaa. Haina homa, na haiambukizi. Wengine hutembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana. Wengine huhitaji fimbo. Wengine hawatembei tena kabisa. Ugonjwa hauzidi baada ya hapo, lakini haurudi nyuma, na mpaka leo hakuna dawa ya kuuponya. Huwapata hasa watoto waliokwisha kuacha kunyonya, na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Maradhi yanayomkamata mtu ghafla namna hii ni rahisi kusingiziwa uchawi. Jirani hulaumiwa, bibi kizee hutengwa, na fedha iliyokuwa ya kununua dagaa inakwenda kwa mpiga ramli. Sisi Wakristo tukatae jambo hili waziwazi. Chanzo kimejulikana, kimepimwa, na kinaweza kuzuiwa. Lakini kila mtoto anayepooza ghafla lazima apelekwe kwa mganga, kwa sababu polio na magonjwa mengine nayo hulemaza, na mganga ndiye awezaye kuyatofautisha.

Tena madhara hayaishii miguuni. Utafiti uliofanywa nchini Kongo na kutangazwa mwaka 2013 uliwapima watoto uwezo wao wa kukumbuka na kujifunza. Wenye konzo walikuwa nyuma. Lakini hata watoto wa kijiji kile kile ambao miguu yao ilikuwa mizima, nao walikuwa nyuma ya watoto wa kijiji kisichokuwa na ugonjwa. Hili ndilo linalopaswa kumgusa kila mzazi: mtoto anaweza kutembea vizuri na bado akawa amepunguziwa akili ya darasani na ugali wa nyumbani.

KWA NINI MMOJA AUMIE, MWINGINE ASIUMIE?

Mwili wa binadamu una njia yake ya kupambana na sayanaidi kidogo. Huifunga pamoja na salfa na kuigeuza kuwa kitu kisicho kikali, kinachotoka kwa mkojo. Salfa hiyo hupatikana katika vyakula vya kujenga mwili: samaki, dagaa, mayai, nyama, na kwa kiasi fulani kunde, mbaazi, choroko, njugu mawe na ufuta. Anayekula ugali wa muhogo kwa samaki ana ngao. Anayekula ugali kwa chumvi na maji ya majani hana.

Kile kitu ambacho sayanaidi hugeuzwa kuwa nacho kina hila yake: huzuia tezi la shingo kupata madini joto. Mahali palipo na upungufu wa madini joto, hali hiyo huzidisha ugonjwa wa rovu, yaani uvimbe wa shingo. Pwani yetu ya Lindi na Kilwa ina wapika chumvi wengi, na si chumvi yao yote inayotiwa madini hayo. Kwa familia inayokula muhogo kila siku, chumvi yenye madini joto ni lazima.

NJIA YA KULOWESHA UNGA

Hapa utafiti umetuletea jambo jipya lisilohitaji fedha. Mtaalamu Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, huko Canberra, alijiuliza: katika unga mkavu bado mna linamarini kidogo na kimeng'enya kidogo, havikutani kwa sababu ni pakavu. Je, tukiurudishia unga maji? Akajaribu, na sumu ikapungua mpaka theluthi moja, hata sehemu moja ya sita, ya ile iliyokuwamo. Njia hiyo ilijaribiwa nchini Msumbiji. Huko Kongo, akina mama wa kijiji cha Kay Kalenge waliifuata kati ya 2010 na 2011, na katika muda huo hakuna mtu mpya aliyepata konzo. Inafanywa hivi:

1. Tia unga wa muhogo katika bakuli au sufuria, usawazishe bila kuushindilia, kisha weka alama ndani ya chombo mahali unga ulipofikia.

2. Tia maji kidogo kidogo huku unakoroga. Unga utashuka kwanza, halafu utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha kutia maji.

3. Utandaze juu ya mkeka safi au ungo, unene usizidi sentimita moja. Uache saa mbili juani, au saa tano kivulini. Hapo ndipo hewa yenye sumu inapotoka.

4. Songa ugali siku hiyo hiyo. Unga uliolowa usiwekwe mpaka kesho.

Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha usalama kuwa miligramu 10 za sayanaidi kwa kilo moja ya unga. Katika miaka ya ukame huko Msumbiji umepimwa unga uliozidi miligramu 100. Kwa hiyo mtu asiseme, "Basi tutaacha kulowesha na kuvundika, tutautia maji unga tu." Unga wenye sumu nyingi ukipunguzwa mara sita bado una sumu. Njia hii ni nyongeza juu ya njia za bibi zetu, haichukui nafasi yake.

WAJIBU WETU

Kuna watu husema dawa ni kuacha muhogo mchungu. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa mjini. Mbegu bora zitafutwe, na wataalamu wa Kituo cha Utafiti cha Naliendele, Mtwara, waulizwe na wakulima wetu ni mbegu ipi inafaa udongo upi. Lakini mwenye shamba linalozungukwa na nguruwe mwitu ana haki ya kuupanda mchungu. Tumsaidie auandae salama.

Njaa ya huku kwetu ina majira yake. Hutubana hasa kuanzia Januari mpaka Machi, kabla mavuno mapya hayajaiva, na Kwaresima huangukia humo humo. Tunafunga kwa hiari wakati jirani anafunga kwa lazima. Ningependa kila Jumuiya Ndogo Ndogo iweke akiba ya makopa na mtama tangu wakati wa mavuno, mahali pakavu pasipo na dumuzi, ili mama aliyeishiwa apate cha kupika kwa siku tano wakati muhogo wake unalowa. Hiyo ni sadaka ndogo inayoweza kuokoa miguu ya mtoto. WAWATA nao wanaweza kufundishana njia ya kulowesha unga baada ya Misa, wakiwa na bakuli moja na ungo mmoja.

Na akina baba, msiseme haya ni mambo ya jikoni. Kubeba maji ya kuloweshea mihogo ya familia ni safari nyingi kisimani, na mikono ya baba na ya vijana haijakatazwa kushika ndoo. Fedha ya korosho ikiingia, sehemu yake iwe dagaa na samaki wakavu, siyo pombe. Ugali wa muhogo usiende mezani kwa mtoto bila kitoweo.

Bibi zetu hawakujua jina la linamarini. Walijua kwamba muhogo huu ukiharakishwa unaumiza, nao wakaweka siku za kungoja. Sasa tunajua kwa nini, na tukijua kwa nini hatuna udhuru wa kumwacha jirani akose siku hizo. Kabla ya Kwaresima ijayo, ulizaneni katika jumuiya yenu: ni nyumba gani hapa haina unga wa siku tano?